Fundi Aoko hamalizi kazi mpaka simu ilie

Saa mbili kasorobo asubuhi, Kawangware. Baridi ya Julai haijatoka ndani ya nyumba, na Aoko anakataa chai kwa mara ya tatu.

"Mama Gathoni, nitakunywa nikimaliza, haki. Nikishika kikombe nitasahau niko disketi ya ngapi."

Yuko kwenye disketi ya tatu kati ya saba. Ameinama mbele ya kompyuta ya Mzee Ephantus, ambayo kwanza ameivua vitambaa vyote vya kufuma, cha skrini, cha kibodi, hata kile kidogo cha kipanya. Kwenye skrini kuna mstari wa buluu unaojaa kutoka kushoto. Ukijaa, anatoa disketi, anatia nyingine, mstari unaanza upya. Mguu wake wa kulia haujatulia tangu alipoketi.

Anachoweka ni programu ambayo mafundi wanaiita brauza. Kompyuta bila brauza ni taipureta yenye umeme. Ukiwa nayo, pamoja na laini ya simu na kisanduku kinachoitwa modemu, unafungua kurasa za huu mtandao wa Interneti unaotajwa siku hizi hata kwenye foleni ya mafuta taa.

Mlangoni amesimama mwanamume mrefu mwenye sweta la kijivu, macho kwenye saa yake ya mkononi. Ni Nalianya, mpangaji wa chumba namba tisa.

"Mzee," anasema, "mwambie fundi imebaki saa moja na dakika kumi na mbili."

Fundi mwenyewe yuko hatua mbili kutoka hapo. Amesikia. Hata jirani amesikia. Lakini Nalianya hajamsemesha Aoko tangu Machi, na wote waliomo humu wanajua sababu.

"Ameskia," anajibu Mzee Ephantus kutoka kochini. "Wewe Nalianya, keti basi. Unanifanya nihisi ni kama tuko kwa daktari."

Nalianya haketi.

Aoko ana umri wa miaka thelathini na mbili. Anaishi Gatwekera, Kibera, chumba kimoja cha udongo na mabati, pamoja na mumewe Oloo, ambaye ni kibarua wa mjengo, na watoto wawili. Chumba hicho hakina umeme. Simu ya karibu iko mtaa wa Olympic, na siku nyingi imekufa. Kwa hiyo mwanamke huyu ameweka brauza katika nyumba ishirini na moja za Kawangware na Riruta, na kwake hawezi hata kuwasha balbu.

"Oloo hunicheka," anasema. "Ananiambia, wewe ni kama mpishi wa hoteli, unanukia nyama na unalala njaa. Namwambia, bora ninukie."

Alikuja Nairobi mwaka 1989 kutoka Ugenya na cheti cha kupiga taipu. Ofisi moja ya mjini ilimwajiri. Mwaka 1995 ofisi hiyo ilinunua kompyuta, na wapiga taipu sita wakaambiwa wajiandae. Fundi aliyeleta mashine alihitaji mtu wa kumpa disketi kwa mpangilio. Wenzake watano walikataa, na nani angewalaumu? Aoko akakubali.

"Nilikuwa na hasira, lakini nilitaka kuona hiyo kitu iliyoninyang'anya kazi inafanana aje ndani. Siku nne nilimpa disketi. Ya tano nilimwambia, hii umeruka moja. Alinitazama! Kumbe nimeshika yote kwa kichwa."

Barua ya kuachishwa kazi ilikuja hata hivyo. Fundi yule alimwachia nakala ya disketi saba, ambazo Aoko hubeba ndani ya mkebe wa mafuta ya kupikia ya Kimbo uliofunikwa vizuri, maana vumbi la Kawangware na unyevu wa Gatwekera havina huruma. Hulipwa shilingi mia sita kwa nyumba. Wiki nzuri hupata nyumba tatu. Wiki mbaya hurudi na mkebe wake na maumivu ya miguu, kwa sababu hutembea kote huko. Mwandishi huyu alitembea naye asubuhi moja tu na bado anachechemea.

Sasa tuje kwa Machi.

Ploti ya Mzee Ephantus ina vyumba kumi na vinne na simu moja, iliyo sebuleni kwake. Ndiyo simu ya wote. Mpangaji akiomba kazi, anaandika namba hiyo. Mtu akifariki nyumbani, habari inapitia hapo, na Mama Gathoni anatoka uani kuita jina. Kupokea ni bure. Kupiga ni shida, kwa sababu kwenye tundu moja la kuzungushia namba Mzee ametia kufuli dogo, na ufunguo analala nao.

Aoko aliweka brauza hapo siku ya Jumatatu. Binti wa nyumba, Gathoni, anasoma ng'ambo, na Mzee alitaka kusoma barua zake bila kungoja posta. Katika mipangilio kuna kijisanduku cha kutia alama. Ukikitia alama, kompyuta inapiga simu yenyewe kila inapotaka kuingia mtandaoni, na laini ikikatika inapiga tena. Aoko alikitia.

"Nilimwonea huruma Mzee. Nikasema, huyu hatakumbuka hatua zote, wacha mashine imfanyie. Ilikuwa ni huruma tu, yawa."

Jioni hiyo Mzee alisoma barua ya binti yake mara nne, akafuta macho, akazima kompyuta kama anavyozima televisheni, yaani alibonyeza kitufe cha skrini. Kioo kikawa cheusi. Mama Gathoni akaifunika kwa vitambaa. Chini ya meza mashine yenyewe iliendelea kufanya kazi, na laini ya simu ikabaki mikononi mwake. Jumanne. Jumatano. Alhamisi.

Wapangaji walianza kulalamika kwamba simu haiingii. Mzee akaapa.

"Niliwaonyesha kufuli!" anasema leo, akitoa ufunguo mfukoni kama ushahidi. "Simu imefungwa, ufunguo ninao, nani anapiga? Nikiinua mkono wa simu naskia inapiga kelele kama posho mill imekosa mahindi. Nikajua imeharibika. Nikaenda kuripoti, nikaambiwa watakuja. Hata leo hawajakuja."

Hakuna aliyejua kwamba kompyuta haihitaji kuzungusha namba kwa kidole. Inapitia kwenye waya, na kufuli linabaki likilinda tundu.

Wiki hiyo hiyo kiwanda kimoja kilikuwa kinamtafuta Nalianya awe karani wa stoo. Alikuwa amekaa miezi kumi na minne bila kazi ya kudumu. Alipoona kimya, Ijumaa alitembea hadi kwenye geti la kiwanda kuuliza. Karani akamfungulia daftari. Walikuwa wamepiga Jumanne mara tatu, Jumatano mara mbili, na kila mara jibu lilikuwa lile lile. Inatumika. Jumatano mchana walimwita aliyemfuata kwenye orodha.

Aoko alipita hapo Jumamosi kusalimia tu. Alipoambiwa simu imeharibika, aliinua mkono wa simu, akasikiliza.

"Niliketi sakafuni. Ile sauti naijua, ni modemu. Ningechomoa waya nikaenda zangu, nani angejua? Hata wewe ungejua? Lakini Nalianya alikuwa amesimama pale pale uani, anaosha shati. Nikatoka nikamwambia. Nikamwambia ni mimi."

Alisema nini?

"Aliendelea kuosha shati. Afadhali angenitukana."

Bili ilipofika, Mzee aliilipa huku akinung'unika kwa Kikuyu, na maneno hayo hayachapishwi, kisha akaamuru brauza itolewe. Aoko alichukua siku tisa kurudi katika kila nyumba aliyoifanyia kazi, bila malipo, kutoa ile alama. Katika nyumba mbili alikuta skrini imezimwa na mashine inapiga simu. Hapo ndipo alipoacha kulala vizuri.

Tangu hapo ana utaratibu wake, na mteja asiyeutaka atafute fundi mwingine. Akimaliza, kila mtu wa nyumba, hata bibi wa miaka sabini, lazima azime kompyuta mwenyewe mbele yake. Kisha anachomoa waya wa simu kwenye modemu. Kisha anatembea hadi kibanda cha simu kilicho karibu, popote kilipo, anapiga namba ya nyumba ile na kusikiliza. Ikilia mara tatu, kazi imekwisha. Amewakataza kuishika. Isiposhikwa, kibanda kinamrudishia sarafu yake ya shilingi tano. Anasema ametumia sarafu moja tangu Aprili, na ukiitazama ilivyochakaa unamwamini.

Sasa Gathoni amejifungua mtoto, na picha imewekwa kwenye ukurasa wa wanafunzi wa chuo chake. Mzee Ephantus ana mjukuu ambaye hajamwona sura. Akatangaza kwamba brauza irudi.

Wapangaji wakasema hairudi. Jumapili baada ya kanisa walikutana uani, watu wazima kumi na tisa, kila mtu na hasira yake. Unaweza kuwa na hati ya ploti, lakini jaribu kukaa sebuleni wapangaji wako wakiwa wamenyamaza nje! Mzee alikubali masharti. Kompyuta itatumia laini kabla ya saa tatu asubuhi na baada ya saa kumi na mbili jioni. Ofisi nyingi huanza kupiga simu saa tatu, baada ya chai na porojo. Na fundi apige kutoka nje ili kuthibitisha.

Sharti la saa tatu ni la Nalianya. Yule karani aliyechukua nafasi yake Machi ameacha kazi, na kiwanda kimemwambia kitampigia wiki hii, siku yoyote. Leo ni Jumanne. Jana alishinda uani na faili la vyeti kwapani. Hakuthubutu kwenda hata chooni kabla mtu hajakaa karibu na simu kwa niaba yake.

"Si ungeiweka wiki ijayo?" mwandishi huyu alimuuliza Mzee.

"Mtoto anakua," alijibu, na hakutaka maswali zaidi.

Na Aoko, kwa nini alikubali?

"Nikikwepa hii nyumba, nitakwepa mpaka lini? Kila nikipita hiyo barabara naficha uso kwa leso. Nataka nipite kama mtu."

Disketi ya tano inakwama. Mstari umefika katikati na hausogei. Aoko anaitoa, anaipulizia, anaipangusa kwa upindo wa leso, anairudisha. Mstari unakaa. Mlangoni Nalianya anahema kwa nguvu. Anaitoa tena, anaipigapiga kwenye kiganja, anairudisha. Mashine inakwaruza, inakwaruza, kisha mstari unatambaa.

"Ngai!" anasema Mama Gathoni, aliyekuwa ameshika birika bila kumimina.

Saa mbili na dakika thelathini na tano disketi ya saba inatoka. Aoko anaingiza namba ya kampuni ya mtandao, jina, neno la siri. Anaiambia modemu ipige kwa midundo, kwa sababu laini za huku bado ni za kuzungusha, na mafundi wengi hupoteza siku nzima hapo. Anafika kwenye kile kijisanduku. Kiko tupu. Anakiangalia, anaondoka, anarudi kukiangalia tena. Mara ya tatu anamwita Mama Gathoni aje naye aone kiko tupu.

Anaunganisha. Modemu inapiga kelele yake, na saa mbili na dakika arobaini na nne ukurasa wa kwanza unafunguka. Mzee anasimama.

Picha ya mtoto inakuja kutoka juu, ukanda kwa ukanda. Kwanza kofia nyeupe. Dakika nzima inapita. Paji la uso. Mzee amepiga magoti mbele ya meza, mtu wa miaka sitini na nane.

"Ni paji la mama yangu," anasema. "Mama Gathoni, njoo uone. Ni la mama!"

Macho yamefumbwa. Laini inasinzia, picha inasimama, inaendelea. Pua.

"Mzee," anasema Nalianya, na sauti yake haina ukali. "Mwambie fundi ni saa tatu."

"Dakika moja tu."

"Mzee."

"Nimesema dakika moja! Simu ni yangu, nyumba ni yangu, mjukuu ni wangu!"

Nalianya anashusha mkono wenye saa. Anamtazama Aoko, kwa mara ya kwanza asubuhi hii. Aoko anatazama skrini. Picha imefika mdomoni, bado kidevu.

Anakata laini.

Mzee anageuza kichwa polepole, na mwandishi huyu, ambaye si jasiri, anatafuta mlango kwa macho.

"Tulikubaliana, Mzee," anasema Aoko. "Saa kumi na mbili jioni utamwona wote, na kidevu. Nisamehe. Tafadhali zima mashine, ile ya chini, ujifunze."

Mzee anajifuta uso kwa kiganja. Kisha anainama chini ya meza na kubonyeza kitufe. Mama Gathoni anaiwasha na kuizima, kwa zamu yake. Aoko anachomoa waya, anauviringisha, anauweka juu ya kabati. Chai bado haijanywewa.

Kibanda cha simu kiko mwendo wa dakika saba, na mbele yetu kuna watu wanne. Wa kwanza anagombana na mjomba wake kuhusu ng'ombe. Aoko anahamisha mkebe kutoka mkono huu hadi ule. Zamu yake inafika saa tatu na dakika ishirini na sita. Anatia sarafu, anazungusha namba aliyo nayo kichwani, anasikiliza.

Uso wake unabadilika.

"Inatumika," anasema.

Anajaribu tena. Sarafu inaanguka, anaitia, anazungusha. Inatumika.

"Nimechomoa waya. Uliniona nikichomoa? Uliniona?" Hangoji jibu. Anakimbia, mkebe wa Kimbo umebanwa kifuani, disketi zinagongana ndani. Anapita muuza sukuma wiki, anakanyaga maji ya mtaro, anapoteza kiatu kimoja na kukirudia. "Mzee amerudisha waya," anasema akihema. "Amerudisha ili aone kidevu. Nyasaye! Leo tena!"

Geti la ploti liko wazi. Uani wapangaji saba wamesimama bila kusema neno, wote wametazama dirisha la sebule. Aoko anajisukuma katikati yao.

Waya uko juu ya kabati, umeviringishwa kama alivyouacha. Kompyuta imefunikwa vitambaa. Mzee amekaa kochini, kidole mdomoni, akiwaashiria watu wanyamaze. Na kando ya meza, amesimama wima kama mtoto wa shule mbele ya mwalimu mkuu, Nalianya ameshika mkono wa simu kwa mikono miwili.

"Ndiyo, bwana," anasema. "Ndiyo. Ijumaa saa mbili. Vyeti vyote. Ndiyo, nimeandika." Hajaandika. Hana kalamu.

Anaweka simu chini. Ni usaili, si kazi bado. Anawaambia hivyo watu wote, mara mbili, lakini uani mtu ameshapiga kelele na Mama Gathoni amemkumbatia na birika lake.

Aoko hasogei mlangoni. Anahema. Kila mtu anangoja aingie anywe chai.

"Simu haijalia," anasema.

"Si imelia!" anashangaa Mzee. "Imelia huyu akashika!"

"Mimi sijaiskia."

Na anageuka, anarudi kibandani. Wacha we! Dakika saba tena, na foleni sasa ni watu sita.

Katika foleni hiyo ndipo anapoeleza anachotaka. Anatafuta chumba chenye umeme upande wa Riruta, hata kiwe kidogo, aweke kompyuta moja kuukuu ambayo mteja mmoja ameahidi kumuuzia polepole. Atafundisha watu kabla hawajanunua mashine, wajue kuizima kabla ya kuiwasha. Na anataka laini yake. Ameuliza, akaambiwa orodha ni ya miaka. Jina lake tayari liko.

"Nataka siku moja nikae kwangu, nisikie inalia, nijue ni mimi natafutwa," anasema, kisha anatazama kama foleni imesogea.

Imesogea. Anatia sarafu yake. Anazungusha. Safari hii inalia, sauti inasikika hadi nje ya kibanda. Mara moja. Mara ya pili. Anainua kidole hewani kuhesabu. Mara ya tatu, na mkono wake unashuka kukata ili sarafu irudi.

Mtu anaishika. Sarafu inatumbukia ndani, na tunaisikia ikigonga chini.

"Nani ameshika? Si niliwaambia msishike!"

"Ni mimi," inasema sauti ya Nalianya. "Imelia, Aoko. Rudi unywe chai."

Wanakaa hivyo, kila mmoja na mkono wake wa simu, mpaka shilingi tano inakwisha na laini inakatika.

Anatoka nje akipangusa pua kwa leso. Nyumba yake ya pili leo iko Riruta na wanamsubiri saa tano. Kwanza anarudi kwa Mzee, na njiani anasimama dukani kuomba abadilishiwe noti, apate sarafu nyingine ya shilingi tano.